Kikohozi cha Redio

Bwenini, 3 Februari

Babu yangu,

Shikamoo. Sijui nianze na "hujambo" au nianze na "umenificha nini", kwa hiyo nauliza yote mawili kwa pamoja.

Jana Baba alipiga simu ofisini kwa matroni. Nilipewa dakika chache, naye matroni kasimama palepale akijifanya anapanga funguo. Baba alikuwa njiani na lori lake, sauti inakatikakatika. Nilichoambulia ni kwamba ulianguka karakanani wiki mbili zilizopita, ukalazwa, umetoka, uko salama, nisiwe na wasiwasi, nisome. Nikauliza nani yuko na wewe. Akasema, "Si binamu yako, yule Redio. Kahamia. Analala chumbani kwako."

Wiki mbili, Babu! Mimi ninayejua hata sauti ya mkasi wako, naambiwa baada ya wiki mbili.

Na kati ya watu wote, Redio? Mtoto wa Shangazi ambaye sisi wawili ndio tuliompa hilo jina, kwa sababu akiwashwa asubuhi hazimiki mpaka umeme ukatike? Sasa nani anakaa kwenye kigoda changu? Tangu nina miaka sita nakaa kushoto kwa meza yako. Wewe unashona karatasi, mimi naupaka uzi nta na kuukaza usilegee. Ni wewe uliyenifundisha kwamba kila mkono una mvuto wake, na kwamba kitabu kilichokaziwa uzi na watu wawili, ukikipapasa mgongoni, unajua mmoja aliachia wapi na mwingine akashika wapi. Sitaki upapase mgongo wa kitabu na kukuta mkono mgeni.

Sikutaka kusema mabaya, lakini nitayasema. Redio hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja. Tena usidanganyike kwamba kaja kwa mapenzi. Kaja kwa sababu amekaa tu nyumbani tangu amalize shule, hakuna chuo kilichomtaka. Mwambie asilalie shuka zangu za maua. Mwambie na kigoda si kiti cha kila mpita njia.

Halafu niandikie ukweli. Ulianguka vipi? Daktari kasemaje? Nataka ukweli mzima, siyo ule wa kuwapa wateja.

Mjukuu wako,
Profesa (jina ulilonipa mwenyewe, usije ukamgawia mtu)


Karakanani, 12 Februari

Profesa, mzee mwenzangu,

Marahaba. Barua yako imenipa nguvu kuliko vidonge, na vidonge vyenyewe vina rangi zote kama shanga.

Ni kweli nilianguka, lakini usinifikirie nimeanguka kama mti. Nilikaa chini bila kupanga, basi. Kichwa kilizunguka, upande mmoja wa chumba ukaingia giza, nikajikuta nimekumbatia ndoo ya gundi. Daktari ni kijana ambaye sharubu bado zinamtafuta. Akaniambia, "Mzee, ni presha. Mwili umekupa onyo." Nikamwambia mwili ungeniandikia mapema ningejiandaa. Hakucheka. Vijana wa siku hizi wanasomea hata kutocheka.

Nilidhani uzee utaniingilia taratibu, nywele kwanza, halafu magoti, tukizoeana njiani. Kumbe una haraka zake. Lakini sijambo. Sasa natembea kila asubuhi mpaka kona ya duka la vioo na kurudi. Sasa natembea kila asubuhi mpaka kona ya duka la vioo na kurudi. Chumvi nimepunguziwa mpaka chakula kimekosa cha kusema.

Redio alifurahi mno ulivyomkaribisha chumbani na kumwachia shuka zako za maua. Alipofika kwenye "nakuombea upate chuo kizuri" machozi yalimlenga. Nami nilishangaa kidogo, maana nakujua kwa kijicho tangu una meno mawili. Umekua. Ila ana kikohozi, maskini. Kilimbana jioni hiyohiyo barua ilipofika, kikamwachia. Nimemchemshia ndimu na asali.

Kazi zipo. Nilijalidi kitabu cha yule wakili wa ghorofani, jalada likakaa kichwa chini miguu juu. Wakili akadhani ni mtindo mpya, akalipa na kunishukuru. Usimwambie mtu.

Soma kwa bidii.

Babu yako,
fundi wa vitabu


Bwenini, 20 Februari

Babu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikiisoma nazidi kutoielewa.

Shuka gani nimemwachia? Chuo gani nimemwombea? Mimi sikumwombea Redio kitu. Niliandika kinyume chake, na wewe unajua niliandika nini, maana husomi barua ukaruka mstari. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kuruka mstari ni sawa na kumkata mtu kauli. Au unanitania? Kama ni utani, umenichoma.

Halafu mwandiko wako. Mistari inatelemka upande wa kulia mpaka inamwagika nje ya karatasi. Sentensi ya kutembea umeiandika mara mbili. Wewe, ambaye hata risiti unaisoma tena kabla ya kuitoa! Nadhani nimejua sababu: unaniandikia huku yule anakupigia soga sikioni. Mwambie anyamaze japo kwa urefu wa ukurasa mmoja.

Babu, nikwambie jambo ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine. Wenzangu hapa wanaomba wakubwa wao wasiugue. Mimi kuna wakati najikuta natamani ungeanguka nikiwepo. Yaani kuanguka sikutakii, lakini kama kulikuwa hakuna budi, basi niwe mimi niliyekushika. Roho inaniuma nikifikiri kwamba ulipofumbua macho uliyemwona ni yeye. Najua ni wivu. Najua ni wivu wa kijinga. Haupungui kwa kujua.

Nakutumia hadithi mpya, ile ya binti anayelinda maktaba iliyofungwa, yeye na mbwa wake mzee. Nirudishie na alama zako za penseli pembeni, kama siku zote. Nataka penseli yako, sitaki maoni ya mtu mwingine. Asiiguse.

Profesa


Karakanani, 4 Machi

Profesa,

Marahaba. Hadithi imefika. Jamani, umeandika! Yule binti anapofunga dirisha la mwisho nilijikuta nimeshikilia pumzi, na mimi siku hizi pumzi zangu zina bajeti. Mbwa wake akinifia tena hivyo sitakusamehe. Haina kosa hata moja. Ndiyo maana narudisha bila alama, penseli haikupata pa kutua.

Redio anakushukuru kwa kusema hadithi ni ya kwake pia. Kikohozi bado kinamsumbua, hasa kwenye barua zako. Nafikiri ni vumbi la bahasha.

Mimi mzima. Nimeacha kubeba mashine ya kubania, nimeacha ngazi, nimeacha na kumjibu daktari. Kilichobaki ni kuacha kuwa na haraka, na hicho nitakiacha polepole.

Umenitakia mema, na mimi nakutakia.

Babu yako


Bwenini, 11 Machi

Redio,

Sikusalimii kwa sababu nikikusalimia nitakuwa mnafiki.

Nimekukamata. Katika hadithi niliyomtumia Babu niliweka mtego. Mbwa anakufa ukurasa wa pili, halafu ukurasa wa tano anabweka. Babu angeliona hilo hata akiwa na homa. Angechora mbwa mdogo pembeni na kuandika, "Huyu kafufuka lini?" Badala yake naambiwa hadithi haina kosa. Babu yangu hajawahi kuniambia hadithi yangu haina kosa tangu nijue kushika kalamu.

Kwa hiyo hakuisoma. Unazikalia barua zangu, unamsimulia unavyotaka wewe, na hiyo ndiyo sababu ananishukuru kwa salamu ambazo sikutuma. Umechukua chumba, umechukua kigoda, sasa unachukua na maneno yangu. Kitu gani changu hukitaki, nikufungie nikutumie?

Jibu ukweli, la sivyo likizo nikija nitauliza mbele ya watu.

Binamu yako kwa bahati mbaya


Nyumbani, 19 Machi

Profesa,

Mimi nakusalimia, maana mimi si mgomvi. Hujambo?

Mtego wako niliuona. Nilidhani umejisahau, nikaona aibu kwa ajili yako, nikamnyamazisha mbwa. Alipotakiwa kubweka nikasema "mlango ukagongwa". Babu akasema, "Mh, anayegonga ni nani?" nikasema ni upepo. Ndivyo ilivyokuwa.

Keti chini kwanza, maana Babu ataniua akijua nimekwambia.

Babu hawezi kusoma. Tangu siku ile. Siyo macho. Ananiona, anamwona inzi kwenye dari, anaiona sindano aliyoidondosha mwenyewe. Lakini akitazama maandishi anasema ni kama mtu kamwaga mchwa kwenye karatasi. Daktari alitueleza kwamba damu iliganda ikaziba mshipa mdogo nyuma ya kichwa, ikachukua kusoma na kuacha kuandika. Na mimi nilibisha, nikasema haiwezekani, aandikaye si ndiye asomaye? Daktari akampa kalamu. Babu akaandika jina lake, sahihi kabisa, halafu akapewa alisome. Akaliangalia, akaangalia, akaniuliza taratibu, "Hili la nani?"

Sijawahi kuona mtu mzima anakuwa mdogo kama alivyokuwa dakika ile. Fundi wa vitabu! Rafu zimejaa nyumba nzima.

Ndiyo maana mistari inamwagika: upande wa kulia kuna giza, haoni mwisho wa karatasi. Ndiyo maana anarudia sentensi: akishaandika hawezi kujua alichoandika. Kisa cha kitabu cha wakili alikigeuza kichekesho cha kukwambia wewe. Mimi nilimwona amekaa na kitabu kingine mapajani baada ya wakili kuondoka, anakigeuza, anakigeuza.

Akanikataza nisikwambie. "Profesa akijua atafunga sanduku aje. Ana mtihani mwaka huu. Msomee wewe, Redio, na mimi nitamjibu kwa mkono wangu, hatashtuka."

Basi namsomea. Barua yako ya kwanza nilifika mahali, nikiwa nimesimama mbele yake na sauti yangu hii, ambapo palisema hakuna chuo kilichonitaka. Ungefanya nini wewe mwenye vitabu vingi? Mimi nilikohoa. Nilikohoa mpaka nikapata cha kusema badala yake. Tangu hapo nikiona jina langu limekaribia, koo linaanza lenyewe. Babu ananichemshia ndimu. Nimekunywa ndimu kwa ajili ya matusi yako mpaka meno yanakwaruza.

Na kwa taarifa yako, ni kweli. Vyuo viwili vimenikataa. Asante kwa kunikumbusha kwa maandishi.

Unadhani nimekunyang'anya nini? Kigoda? Nakaa juu yake na kuambiwa kutwa, "Profesa huvuta taratibu. Profesa angeshajua hiyo ni karatasi ya mbele. Profesa akija." Mara nyingine ananiita jina lako na hajui kama kakosea, na mimi naitika. Nalala kwenye kitanda chako, naitwa kwa jina lako, nasoma maneno yako kwa mdomo wangu. Halafu wewe ndiye mwenye wivu! Mimi nifanye nini na wangu?

Jambo la mwisho. Jumanne mdomo wake ulipinda katikati ya chai, maneno yakawa yanateleza. Nilimkimbiza hospitali kwa teksi ya jirani. Tulipofika mlangoni maneno yalikuwa yamesharudi, akaanza kubishana na wauguzi kuhusu slipa zake. Walimlaza siku mbili. Wamebadilisha dawa. Daktari anasema kiharusi kikija tena kinaweza kuwa kikubwa, au kisije kabisa. Hajui. Na sisi hatujui. Kila akinyamaza kidogo naingia kuchungulia, na yeye ananiambia, "Bado nipo, rudi ukapike."

Sasa umejua. Usije kabla ya kufunga shule. Ataona ni mimi niliyekwambia.

Redio


Bwenini, 26 Machi

Redio,

Hujambo. Nimeanza na hujambo.

Barua ya Babu iko ndani ya bahasha hii. Nimeiandika mara nne. Nimeandika habari za mvua na mwalimu wa hesabu, na nimekusalimia humo kama mgeni anavyomsalimia mwenye nyumba. Huna haja ya kukohoa.

Ninapaswa kukuomba radhi, na nakuomba. Lile la chuo nililiandika nikijua ni baya, ndiyo maana niliandika. Lakini sitakudanganya kwamba baada ya kusoma barua yako moyo umetulia. Ulinifanya nilie chooni hadi kengele ya darasani ikanipita, na baada ya kulia nikagundua wivu uko palepale, tena umenenepa. Zamani nilidhani barua zangu ni zetu wawili. Sasa hata sauti yangu anaisikia kwa mdomo wako. Wewe ndiye uliyemwona akiuliza "Hili la nani?" Mimi nitaishi na kusimuliwa.

Tena ulijua la kufanya siku ya chai. Nimejiuliza kama mimi ningejua. Ningeweza kukaa pale nikisubiri amalize sentensi, kwa adabu.

Sijui tufanye nini. Kuandika barua unayojua itasomwa na mtu mwingine ni kama kuoga na nguo. Lakini usiache kumsomea.

Profesa


Karakanani, 14 Aprili

Profesa, mzee mwenzangu,

Barua hii hakuna aliyeniona nikiiandika. Redio kaenda sokoni. Utaniwia radhi nikirudia maneno, sababu nadhani umeshaijua. Barua yako ya mvua ilikuwa na adabu kupita kiasi. Wewe ukiwa na adabu hivyo, ujue kuna kitu umeambiwa. Sina ugomvi na aliyekwambia. Redio hakuumbwa kutunza siri, nami nilimpa kubwa kuliko mwili wake.

Hospitalini kuna mama mmoja anayetufundisha sisi tuliopotewa na vitu. Mmoja kapotewa na majina ya watoto wake, mwingine na mkono. Kwangu alisema, "Mzee, macho yako yamesahau herufi, lakini vidole je? Fuatisha wino kwa kidole, polepole, kama unaandika juu yake." Nikacheka. Halafu nikajaribu. Kidole kilipomaliza kuzunguka, kichwa kikasema: B. Profesa, nimejalidi vitabu miaka yote hii, lakini sijawahi kufurahia herufi moja kama ile B.

Nikahitaji kitu cha kujifunzia, nikachagua kile ninachokijua kwa moyo, ili nikikwama nijue kinachofuata. Nikachukua barua yako ya Februari, ile ya shuka za maua. Neno moja linanichukua muda wa kunywa chai nzima. Nikafika mahali pa kusema "nakuombea upate chuo kizuri", na kidole hakikukubali. Kikatoa H, kikatoa A, kikatoa K. Nikadhani kidole nacho kinaugua. Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa. "Hakuna chuo kilichomtaka."

Nilikaa na neno hilo chini ya kidole kama mtu aliyeshika kaa la moto na hana pa kulitupa. Kisha nikaelewa kile kikohozi. Nimemnywesha mtoto wa watu ndimu miezi miwili, kumbe ugonjwa ulikuwa unatoka kwenye bahasha.

Sitakugombeza. Mwenye wivu siwezi kumgombeza, maana mimi ndiye mwenye wivu mkubwa kuliko nyote na nilikuwa sijamwambia mtu. Nakuonea wivu wewe unayesoma huko mpaka unanyang'anywa taa. Namwonea wivu Redio anayesoma kama anakunywa maji, tena maji asiyoyapenda. Juzi nilimwonea wivu mwenye duka la vioo kwa sababu alikuwa anasoma karatasi iliyofungiwa sabuni. Nilitaka kuinyakua. Mzee mzima!

Redio hajui kwamba nimesoma. Jana alinisomea tena barua zako zote, akapita palepale kwa ule uongo wake mzuri, akakohoa. Nikamwambia pole.

Hofu yangu nikwambie, maana uliomba ukweli mzima. Siogopi kuanguka tena. Naogopa kwamba kikija kingine kitachukua na kuandika, nami nitabaki na nyinyi wawili mmenuniana pande mbili za meza, na sina hata kidole cha kuwapatanisha. Kigoda ni kimoja. Sitaki kukipasua.

Likizo imekaribia. Ukiniandikia kabla, andika herufi kubwa na maneno machache.

Babu yako


Bwenini, 20 Aprili

BABU.
SHIKAMOO.
HII SOMA PEKE YAKO.
NILIKUWA MBAYA.
BADO NINA WIVU.
KIGODA AKAE YEYE.
NAKUJA.


Bwenini, 20 Aprili

Redio,

Katika bahasha hii kuna barua mbili. Ile ya herufi kubwa usiisome, hata ukiiona iko wazi. Mpe Babu mkononi. Nimeiandikia juu ya blanketi lililokunjwa na kukandamiza kalamu mpaka herufi zimetokeza nyuma, azipate kwa kidole kama anavyopapasa mgongo wa kitabu. Itamchukua siku kadhaa. Mwache. Usimsaidie, hata koo likikuwasha kwa kutaka kusaidia.

Hii nyingine ni yako, lakini nataka umsomee yeye. Kaa kwenye kigoda, kaa vizuri, na usome kwa sauti kuanzia hapa.

Babu, ni mimi. Februari niliandika kwamba Redio alikuja kwako kwa sababu hakuna chuo kilichomtaka. Redio, usisimame, endelea. Niliandika hivyo kwa sababu nilikuwa mbali na yeye alikuwa karibu, na sikuwa na kitu kingine cha kumpigia. Hizo shuka za maua sikumpa. Yeye ndiye aliyejipa kwa niaba yangu, akanifanya mtu mwema mbele yako wakati mimi mwenyewe nilikuwa sitaki. Dua ya chuo ilikuwa yake. Salamu zote zilikuwa zake. Mbwa nilimwua mimi, na yeye ndiye aliyemzuia kufufuka. Kila ulipompenda Profesa katika barua hizo, nusu ya huyo Profesa ilikuwa Redio.

Redio, Babu alishajua. Alisoma mwenyewe, kwa kidole, akakaa kimya ili usiumie, kama wewe ulivyokohoa ili asiumie yeye. Sasa mnaweza kuacha, nyote wawili. Na ndimu nazo zipumzike.

Nafika Jumamosi. Nitalala sebuleni. Sitakuomba kigoda, ingawa najijua, nitakitazama sana, na ukiniona nakitazama unaruhusiwa kunitania. Ninachoomba ni kimoja: unionyeshe unavyovuta uzi. Mkono wa Babu umeshauzoea wako, na sitaki akipapasa mgongo wa kitabu akute mahali nilipoingia mimi.

Bado nina wivu. Hilo nalo lisome.

Umeshafika mwisho, na sikukusikia ukikohoa.

Profesa